Msuli wa Tano wa Meza ya Tatu

Katika chuo kile cha udaktari hapakuwa na mtu aliyefunua mapaja mengi kuliko Bibi Dawa, awe profesa, awe nani. Alilisema mwenyewe, tena bila haya, kila mwaka wanafunzi wapya walipoingia chumba cha miili wameziba pua. "Miaka thelathini na moja," huwaambia, "ya kulia na ya kushoto, ya wanene na ya wembamba, ya waliokufa wakicheka na ya waliokufa wamenuna." Wakishaanza kumtazama kwa heshima, humalizia: "Nafunua shuka, wajukuu zangu. Shuka tu. Ngozi inafunuliwa na wenye vyeti." Kisha hujichekea na kwenda kuchota maji.

Kazi yake ndiyo hiyo: kuchanganya dawa ya kuhifadhia miili, kulowesha vitambaa na kuvizungushia kwenye viungo visikauke, kufuta meza za bati, kuhesabu visu jioni. Shule yake iliishia darasa la saba, na hata hilo la saba alilisoma akiwa amekaa dirishani, macho nje. Lakini macho hayaulizwi cheti. Mtu akizunguka meza nane kwa miaka thelathini na moja, hata kama ameinamia ndoo, kuna kitu kitamwingia.

Kilichomwingia ni kwamba binadamu hawakushonwa kwa karatasi moja ya vipimo. Kwa nje utadhani sare ya shule: miguu miwili, magoti mawili, basi. Fungua ndani uone. Upo msuli mwembamba kama mkanda unaokatiza paja kutoka nyonga hadi chini ya goti. Kwa mzee mmoja wa meza ya sita mkanda huo ulikuwa na mikia miwili. Ipo neva nene kama kidole inayoteremka nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti. Kwa mama mmoja wa meza ya kwanza iligawanyika huko huko juu, makalioni, kama ndugu wawili waliogombana kabla ya kutoka mlangoni. Na mbele ya paja, mahali ambapo kitabu kinasema pana misuli minne inayokutana juu ya goti kulivuta, Bibi Dawa alikuwa ameona minne mara nyingi, na mitano mara nyingi pia.

Huo wa tano haukuwa na makuu. Ulikuwa utepe bapa, umejilaza kati ya msuli wa ubavuni na ule wa chini kabisa unaokumbatia fupa, kama mgeni aliyebanana na wenyeji kitandani. Kwa mtu mmoja ulikuwa mpana kama vidole viwili, kwa mwingine umeungana na wa ubavuni hata huwezi kusema nani ni nani. Lakini ulikuwa na neva yake na mshipa wake wa damu. Bibi Dawa hakujua jina lake. Alijua tu kwamba kitu kinachopewa waya wake na bomba lake si taka.

Aliyesema ni taka alikuwa Bwana Minne.

Hilo ni jina alilopewa na wanafunzi. Jina lake halisi lilikuwa ukutani, chini ya mchoro mkubwa wa paja aliouagiza kwa mchoraji, na lilikuwa refu kuliko paja lenyewe, maana lilivutana na vyeo vyake vyote. Kwenye mchoro misuli ya mbele ilikuwa minne, mwekundu, wa buluu, wa kijani na wa njano, imepangwa kama ndizi kwenye sinia. Alikuwa akiuonyesha kwa fimbo. Miili yenyewe hakuigusa tena. Alisimama hatua mbili kutoka meza, koti limepigwa pasi hata mikunjo ingeweza kukata mkate, na fimbo akiifuta kwa leso kila ilipokaribia kugusa mtu aliyekufa. Bibi Dawa alimdharau kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Marehemu ametoa mwili wake bure ili mjinga apate elimu, na mjinga anafuta fimbo.

Jambo moja tu hakumnyima. Jumanne na Alhamisi Bwana Minne alivuka barabara kwenda hospitali kupasua miguu iliyovunjika, na waliorudi kutoka chini ya kisu chake walitembea. Manesi walisema ana mkono mwepesi. "Mkono Mungu alimpa," Bibi Dawa alikuwa akisema, "mdomo alijitafutia mwenyewe."

Darasani mdomo huo ulikuwa na swali moja la kupendwa. "Misuli ya mbele ya paja ni mingapi?" Darasa zima likajibu minne. Mwanafunzi aliyesema ameona mitano aliitwa mbele akaambiwa, "Wewe umepasua mmoja ukaufanya miwili. Mikono hiyo ni ya buchani." Halafu sifuri. Na ili mtahini wa kutoka nje asije akakutana na mambo ya ajabu, kila mwaka jioni ya kuamkia mtihani Bwana Minne alipita mezani na mkasi, akiita kazi hiyo kusawazisha. Kilichozidi kitabu kilikatwa. Bibi Dawa ndiye aliyeviweka vipande hivyo mahali pake ili marehemu azikwe na kila kilicho chake, na kila alipoinama kuviokota aliwaza kwamba amefanya kazi na wajinga wengi, ila huyu ndiye pekee aliyekuwa akimsahihisha Muumba kwa mkasi.

Mwaka uliopita aliyepewa sifuri alikuwa Sista.

Sista alikuwa mkaza mwana wa Bibi Dawa, mke wa mwanawe wa pekee. Wanafunzi walimwita hivyo kwa sababu alikuwa nesi miaka kumi na miwili kabla ya kuamua, akiwa na miaka thelathini na minane na watoto wawili, kwamba amechoka kumpa mwingine kisu. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: mtihani wa viungo ukikushinda mara mbili, unafungasha. Mara ya kwanza ulimshinda kwa msuli wa tano. Ya pili ilikuwa kesho kutwa, na kwenye meza ya tatu, katika paja la kulia la mwanamume mrefu aliyekufa kwa uzee, Sista alikuwa ameufungua msuli wa tano mwingine. Ulikuwa safi, mzima, mpana kama utepe wa kufungia zawadi.

Walizungumza mchana, wawili peke yao, wanafunzi wengine wakiwa wamekwenda kula.

"Ukate," Bibi Dawa akasema.

"Niukate, Mama?"

"Ukate, uufunike, useme minne. Pata cheti chako. Ukishakuwa daktari hesabu hata kumi, nani atakuuliza."

Sista alikuwa akitandaza kitambaa kibichi juu ya goti la marehemu, taratibu, kama anayemfunika mtoto. "Nilikwambia habari za yule fundi wa umeme?"

"Umeniambia mara ngapi."

"Nikwambie tena. Daktari aliingia ubavuni mwa paja kufuata fupa. Akakutana na kitu asichokijua, akadhani ni msuli wa ubavuni, akapita nacho kwa kisu. Damu ikatoka mahali ambapo hakuitarajia. Nikashika vitambaa mpaka vikaisha. Fundi akapona, ndiyo. Lakini akipanda ngazi goti linacheza. Fundi wa umeme, Mama, hawezi kupanda ngazi."

"Sasa wewe kufukuzwa chuo kutampandisha?"

"Nikisema minne leo kwa kuogopa, siku nikishika mguu wa mtu aliye hai mkono wangu utatafuta minne. Mkono haujui kwamba nilikuwa natania."

Bibi Dawa akakamua kitambaa kwa nguvu kuliko kilivyohitaji. "Mwanangu alikuwa na wasichana wa kuchagua, wapole, wanaojua kuitikia ndiyo," akasema. "Akaenda kuoa kichwa."

"Na mavyaa wangu alipoulizwa kama anakubali, alisemaje?"

"Nilikuwa na homa siku hiyo."

Lakini alipobaki peke yake aliuangalia ule msuli tena kabla ya kuufunika, na akaona aibu kidogo, ya mtu aliyetaka kumfundisha mwenzake uongo na mwenzake akakataa kwa adabu. Aibu haikumkaa Bibi Dawa sana. Aliigeuza upesi kuwa hasira, na hasira alijua mwenye nayo.

Kesho yake, saa kumi alasiri, Bwana Minne alikuja kusawazisha.

Aliingia na glavu mpya, mkasi na kisu kwenye kitrei, na uso wa mtu anayekuja kufanya hisani. "Wewe bibi, nipishe. Meza zote ziko tayari?"

"Zote, Profesa. Nimebakiza tanki tu."

"Ya tatu nasikia ina upuuzi. Ni ya yule mkweo, sivyo?" Hakusubiri jibu. "Ukoo mzima wa ndoo umehamia udaktari. Mmoja anachanganya dawa, mwingine anachanganya misuli."

"Ndivyo tulivyo, Profesa. Tunachanganya," Bibi Dawa akakubali kwa upole, akaenda zake kwenye tanki.

Tanki la dawa lilikuwa pembeni mwa chumba, refu kama jeneza la mtu mkubwa, na kifuniko chake hakikufunguliwa mchana ila madirisha yakiwa wazi na feni la ukutani likizunguka. Feni lilikuwa limezimwa. Madirisha Bibi Dawa alikuwa ameyafunga dakika chache kabla, kwa ajili ya vumbi, kama angeulizwa. Akashika kifuniko kwa mikono miwili, akakivuta mpaka mwisho, akatumbukiza mti wa kukorogea, akaanza kukoroga kwa furaha kama anayekoroga uji wa harusi.

Mwenyewe hakusikia kitu. Pua yake ilikuwa imekufa zamani, na macho yake yalikuwa yamefanya mkataba na dawa tangu Bwana Minne hajavaa koti la udaktari. Akamtazama kwa pembeni. Profesa alifunua meza ya tatu, akachukua mkasi, akainama. Akapepesa. Akainuka, akajifuta kwa mkono wa koti. Akainama tena. Machozi yakamtoka mawili, manne, halafu hayakuhesabika. Akaanza kukohoa, kile kikohozi cha watu wanaojiheshimu, kinachoanzia kooni kwa kuomba ruhusa na kuishia tumboni bila ruhusa.

"Hiyo... funga hiyo," akasema.

"Nifunge nini, Profesa?"

"Hilo tanki."

"Nikifunga sasa itaganda vibaya. Kesho mtahini atasema chuo chetu hakijui dawa." Hapakuwa na neno la kweli hapo, wala Bibi Dawa hakulitafuta. "Lia tu, Profesa. Hata mimi mwaka wa kwanza nililia. Marehemu wanapenda mtu anayewalilia."

Mkasi ukakata hewa karibu na goti la marehemu, ukakata tena ukingo wa kitambaa, kisha ukaanguka sakafuni. Bwana Minne aliutafuta kwa kupapasa, akashika mguu wa meza, akashika ndoo, akaacha. Alitoka nje akifuata ukuta kama kipofu, leso aliyokuwa akifutia fimbo ikiwa imejaa machozi na kamasi. Kwenye korido alisikika akimwambia mtu kwamba ana mafua.

Bibi Dawa alifunga tanki, akafungua madirisha, akaufunika msuli wa tano vizuri. Siku ile alifunga mlango saa kumi na mbili kama kawaida, ila ufunguo hakuutundika msumarini. Aliondoka nao.

Mtahini wa kutoka nje alikuwa mwanamke mfupi, mpasuaji wa chuo kingine, mwenye viatu vya raba na mkoba uliochakaa. Alimwamkia Bibi Dawa "shikamoo" kabla ya kumsalimu profesa yeyote, na Bibi Dawa akaitikia "marahaba, mwanangu" akamweka moyoni papo hapo. Kisha mtahini akaenda meza kwa meza. Kila mwanafunzi alisimama kando ya paja lake, akachomeka vibendera vya karatasi kwenye misuli, akaitaja na kueleza kazi yake. Bwana Minne alifuatana naye kwa hatua mbili nyuma. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

Meza ya tatu. Sista alikuwa amevaa koti safi. Bibi Dawa alikuwa kando, amekumbatia beseni la vitambaa. Sista akachomeka bendera ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akashika bendera moja zaidi. Wenzake wakaangalia chini kama watu walio msibani. Akachomeka ya tano.

Bwana Minne akacheka. Ulikuwa mcheko mfupi, wa puani. "Samahani sana, mwenzangu," akamwambia mtahini. "Huyu anarudia mwaka, na kosa analirudia pia. Amepasua msuli wa ubavuni ukawa miwili."

"Eleza," mtahini akamwambia Sista, bila kumtazama Profesa.

"Msuli huu una ala yake, kifuko chake chembamba," Sista akasema. "Sikuupasua, nimeufuata tu. Neva yake hii inatoka juu, inaingia hapa. Mshipa wake wa damu unafuatana nayo. Wengine wanao, wengine hawana, na kwa wengine umeungana na jirani. Mpasuaji anayeingia kwa njia hii kufuata fupa asipoujua, atakata vyote viwili akidhani yuko mahali salama."

"Hadithi nzuri," Bwana Minne akasema. "Nimepasua mapaja ya wafu na ya wazima kwa miaka ishirini na saba. Sijawahi kuuona huo msuli wa tano. Hata siku moja. Nauona kwenye mitihani ya wanaoshindwa tu."

"Hata siku moja?" mtahini akauliza.

"Hata siku moja."

Bibi Dawa akamwangalia usoni na kustaajabu. Alikuwa amejua waongo wengi, na mwenyewe hakuwa mgeni katika kazi hiyo, lakini aliamini uongo unahitaji angalau kuona haya kidogo, kama chakula kinavyohitaji chumvi. Huyu aliutoa mkavu. Mwaka juzi alikata misuli mitatu kwa jioni moja huku akipiga mluzi.

Mtahini akainama, akaupitishia kidole, akainuka. "Naona msuli una ala. Lakini umeshafunguliwa, na wewe, Profesa, unasema amepasua. Siwezi kuapa."

"Halafu kuna suala la dawa," Bwana Minne akaongeza, akiwa amepata nguvu. "Anayechanganya ni huyo bibi. Elimu yake ni ya msingi, na pua hana. Dawa ikizidi misuli huachana yenyewe. Tena ni mavyaa wa huyu mtahiniwa. Kwa hiyo utaona."

Wanafunzi wakageuka kumtazama Bibi Dawa. Sista akatazama bendera zake. Kalamu ya mtahini ilikuwa juu ya karatasi, na pale palikuwa na nafasi ya neno moja tu, amefaulu au ameshindwa.

Bibi Dawa akaweka beseni chini. "Ni kweli mwanangu, pua sina," akamwambia mtahini. "Na shule ndiyo hiyo. Ila huyu baba ana miguu miwili. Wa kushoto haujafunguliwa na mtu, na dawa ilikuwa ya tanki moja. Kama ni dawa iliyomtengenezea msuli wa kulia, basi kushoto nako itakuwa imefanya kazi. Kama ni kisu cha huyu mtoto, basi kushoto hakijafika."

Mwanafunzi wa meza ya nne akajifanya anakohoa.

"Hilo halifundishi wala halifai," Bwana Minne akasema. "Nani afungue? Yeye? Ataupasua na huo."

"La, si yeye," mtahini akasema. "Mimi mgeni, mtasema nimependelea. Fungua wewe, Profesa. Nasikia mkono wako unasifiwa. Lakini usifungue kimafunzo. Fungua kama uko chumba cha upasuaji: mtu huyu yu hai, fupa la paja limevunjika katikati, na unataka kulifikia uweke chuma. Sisi tutatazama."

Bwana Minne akatazama mchoro wake ukutani, akatazama wanafunzi. Bibi Dawa, aliyemsoma kwa miaka mingi kama bango la barabarani, aliona kiburi kinavyomshika mkono na kumwongoza. Kusifiwa mbele ya watu thelathini na kukataa, hilo halikuwamo katika mwili wake. Kama ni msuli, yeye alizaliwa bila huo. Akavua saa. Akavaa glavu. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akasogea zile hatua mbili.

Acha mkono ule usifiwe, maana ulistahili. Kisu kilishuka ubavuni mwa paja kwa mstari mmoja, ngozi ikafunguka kama bahasha. Mafuta, kisha ala nyeupe ngumu, kisha nyama. Alikuwa akieleza huku akifanya kazi, sauti imelainika, na hata wanafunzi waliomchukia wakasogea. Bibi Dawa naye akasogea. Alijisikia vibaya kidogo kumfurahia, akamfurahia hivyo hivyo.

"Hapa tunatenganisha msuli wa ubavuni na ule wa mbele," Bwana Minne akasema. "Tunashuka. Hatukati ovyo, tunafuata njia. Sasa tunakwenda kwenye fupa moja kwa moja."

Lakini hakwenda moja kwa moja. Kisu kilisimama. Akakigeuza, akatumia mpini wake butu. Akainamisha kiganja, akazunguka kwa chini, na kidole chake kidogo kikaingia peke yake, kikanasa kitu chembamba, kikakivuta mbele pole pole na kukishika hapo, kama mtu anavyomshika mtoto bega asivuke barabara. Kisha kisu kikaendelea upande wa pili, mpaka kikagonga fupa. Likalia kidogo.

"Fupa," akasema, na kuinua uso. "Na njiani, kama mlivyoona, hapakuwa na kitu. Minne."

"Kazi safi," mtahini akasema. "Sijaona safi kama hiyo siku nyingi. Nina swali dogo. Ulikuwa unakwenda moja kwa moja, halafu ukazunguka. Kwa nini?"

"Mazoea tu."

"Mazoea ya kukwepa nini?"

"Pale pana neva ndogo," Bwana Minne akasema. Bado alikuwa katika sauti ile laini, ya chumba cha upasuaji, ya mtu anayependa kazi yake. "Na mshipa wa damu pembeni yake. Ukipita na kisu bila kuvisogeza, damu inajaa shimo lote huoni ulipo. Na mgonjwa akija kusimama, goti linacheza. Huwa nawaambia wasaidizi wangu, usikate mpaka kidole kimeutafuta kwanza."

"Kila paja?"

"Hapana, si kila paja. Kwa wengine hukuti kitu, unapita. Ila lazima utafute, maana kwa nje huwezi kujua nani anao na nani hana."

"Anao nini, Profesa?"

Bwana Minne akafungua mdomo. Bibi Dawa alimwona akilitafuta neno, akalipata, na akaona lilivyo. Mdomo ukafungika. Watu thelathini walikuwa wameinama juu ya meza ile. Yeye naye akatazama chini, mahali walipokuwa wakitazama wote: kidole chake kidogo kilikuwa bado ndani ya paja la kushoto, kimeupakata kwa uangalifu mkubwa msuli ambao hajawahi kuuona hata siku moja.